Rufaa ya mtoto kwenda Muhimbili: basi au ndege?

Mtoto akipewa rufaa kwenda Muhimbili, swali la kwanza nyumbani, Kayanga au Nkwenda, huwa moja: basi au ndege?

Kwa mstari ulionyooka, Bukoba na Dar es Salaam zimeachana kama kilomita 1,000. Ndege ikienda moja kwa moja hutumia kama saa 2. Ikitua Mwanza, muda huongezeka. Kwa barabara ni takribani kilomita 1,400, na mtoto mgonjwa hulala njiani.

Lakini safari ya ndege haianzii Karagwe. Kayanga hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100, na mzazi wa Kyerwa hutoka mbali zaidi. Hali ya hewa nayo huweza kuahirisha ndege, hivyo panga kufika Dar angalau siku moja kabla ya kliniki.

Kabla ya kukata tiketi, muulize daktari kama mtoto anaweza kupanda ndege. Angani oksijeni hupungua, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu anaweza kuzidiwa. Beba barua ya rufaa na cheti cha kuzaliwa. Kama ananyonya, mnyonyeshe ndege inapopaa na inaposhuka. Masikio hayatamsumbua sana.