Kusifiwa na Bosi au Kuisimamia Kazi Yako?



Kila tarehe 1 Mei, taasisi nyingi nchini mwetu huwatunuku wafanyakazi bora. Anayetajwa jina hupokea cheti, pengine na bahasha, na wenzake humpigia makofi. Wengine hurudi nyumbani na swali zito moyoni: "Mimi hawanioni?" Hapa Pemba tumelisikia swali hilo kwa walimu, wauguzi na watumishi wengine, hasa waliotoka bara, wanaofanya kazi mbali na macho ya wakubwa wa makao makuu. Sisi mafrateri nasi hatujasalimika: mlezi akipita tukiwa tunafagia kanisa, fagio huongeza kasi.

Je, ni vibaya kutaka kutambuliwa? La. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na anayeifanya, kwa kuwa yeye ni nafsi, si chombo. Kwa hiyo bosi asiyejua kushukuru, au anayepandisha watu vyeo kwa kujuana, anatenda isivyo haki. Hilo tuliseme bila kumung'unya maneno.

Tatizo huanza pale sifa zinapogeuka kuwa lengo. Aristotle, katika mafundisho yake ya maadili, alikataa kuifanya heshima kuwa lengo kuu la maisha, kwa sababu hutegemea zaidi anayeitoa kuliko anayeipokea. Bosi wako akihamishwa, heshima yako huondoka naye. Akija mwingine, unaanza upya kujionyesha. Usukani wa maisha yako umemkabidhi mtu mwingine.

Tujifunze kwa mkulima wa karafuu. Karafuu zikishachumwa na kutenganishwa na makonyo, huanikwa juani kwa siku kadhaa. Mkulima hangoji mpimaji wa Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC) amwambie kama zimekauka. Huchukua moja akaivunja kwa vidole. Ikikatika vizuri, anajua. Kituoni mpimaji atapanga daraja, na hiyo ni kazi yake. Lakini ubora uliamuliwa mapema, jamvini.

Kuisimamia kazi yako ni kufanya vivyo hivyo. Kwanza, jipime mwenyewe. Mwalimu aandike kwenye daftari: ni watoto wangapi hawakujua kusoma mwezi Januari, na sasa wanasoma? Pili, jifunze jambo jipya bila kungoja kuitwa kwenye semina. Tatu, badala ya kunung'unika barazani, mwendee mkuu wako na daftari lako. Muulize umepungukiwa wapi. Na kama unastahili kupandishwa daraja, omba kwa maandishi. Nne, ukifanya hayo yote na mlango ukabaki umefungwa, kuomba uhamisho au kutafuta kazi nyingine si usaliti. Katika mfano wa talanta, aliyelaumiwa ni yule mtumishi aliyemwogopa bwana wake, akaenda kuifukia talanta yake ardhini.

Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi siku hiyohiyo ya Mei Mosi. Injili hazina hata neno moja lililotoka kinywani mwa Yosefu, wala hatusomi popote kuwa mtu alimsifu kwa useremala wake. Hata hivyo, aliitunza familia aliyokabidhiwa na Mungu.

Nasi mafrateri tujihoji mapema. Huenda siku moja tukatumwa mahali kama hapa, ambako Wakristo ni wachache na Misa ya siku za kazi huwa na watu wa kuhesabu kwa vidole. Huko hakuna mlezi atakayepita. Aliyezoea kufagia kwa ajili ya mlezi ataacha kufagia. Aliyezoea kufagia kwa sababu ni nyumba ya Mungu ataendelea, na kanisa litakuwa safi.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.