Tusiende Sokoni Mara Arobaini kwa Mzigo Mmoja

Maneno mengi yasemwa siku hizi juu ya kompyuta, na mengi kati yake husemwa na watu wenye kitu cha kuuza. Leo twapenda kusema juu ya jambo ambalo fundi mmoja aweza kulitenda kwa mchana mmoja, kwa programu isiyolipiwa, na ambalo ofisi nyingi, karakana na vyuo havijalitenda bado. Jambo lenyewe ni kuweka ghala la akiba la taswira za kontena ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Ndugu msomaji ambaye hafanyi kazi hiyo atauliza: kontena ni kitu gani? Si lile sanduku la chuma linaloshushwa bandarini, ijapokuwa jina limetoka huko huko. Programu ya kompyuta haiendi peke yake. Yahitaji vitu vingi vya kuisindikiza, na kimoja kikikosekana yenyewe haifanyi kazi. Zamani fundi aliiandika programu kwenye kompyuta yake, ikaenda vizuri, akaipeleka kwenye kompyuta ya pili, nayo ikagoma. Mwezi wa Machi 2013 kampuni moja ya Marekani, ambayo leo yaitwa Docker, ilionyesha hadharani njia nyepesi ya kuifunga programu pamoja na vyombo vyake vyote katika mzigo mmoja. Mzigo ule ukiwa umelala huitwa taswira; ukiamshwa ufanye kazi ndipo huitwa kontena. Tangu hapo mafundi wa dunia nzima wameishika njia hiyo.

Sasa taswira zahitaji pahali pa kukaa. Ghala lijulikanalo zaidi ni Docker Hub, na yako mengine, kama vile Quay ya kampuni ya Red Hat, na ghala la Kubernetes liitwalo registry.k8s.io. Kila kompyuta inayotaka taswira huenda ghalani kuichukua. Hapo ndipo shida inapoanza.

Kwa miaka kadhaa watu walichukua bila kuhesabiwa. Tarehe 2 Novemba 2020 Docker ilianza kuweka kikomo: asiyejitambulisha alipewa ruhusa ya kuchukua mara 100 katika kila saa 6, na mwenye akaunti ya bure mara 200. Hatuwalaumu kwa hilo. Ghala lina gharama zake, na mtu anayelitunza ana haki ya kudai. Lakini yafaa tuelewe hesabu yao inavyofanywa. Asiyejitambulisha hahesabiwi kwa kichwa chake, bali kwa anwani ya intaneti anayotokea. Ofisi yenye watumishi mia, wote wakitoka nje kwa mlango mmoja, mbele ya ghala ni mtu mmoja tu. Kompyuta 40 zikichukua taswira 3 kila moja asubuhi moja, hiyo ni mara 120, na kazi imesimama kabla ya chai ya saa nne. Masharti haya hubadilika, na fundi hana budi kuyasoma yalivyo siku anapoyahitaji.

Hiyo ni hesabu ya ruhusa. Iko na hesabu ya njia. Tuseme taswira moja ina megabaiti 500, na waya wetu wa intaneti hupitisha megabiti 20 kwa sekunde. Kuileta mara moja huchukua sekunde 200, yaani dakika tatu na ushei. Kuileta mara 40 huchukua sekunde 8,000, yaani zaidi ya saa mbili, na wakati huo wote karani anayetaka kutuma barua yake angoja. Mzigo ni ule ule mmoja, umeletwa mara arobaini kutoka ng'ambo ya bahari na kulipiwa mara arobaini.

Tena bahari yenyewe haina ahadi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani zikapata taabu kubwa ya intaneti. Siku kama hiyo kompyuta ikizimika na kuwashwa upya, nayo haina taswira yake karibu, haiwezi kurudi kazini hata kama yenyewe ni nzima kabisa.

Dawa yake ni wakala anayeweka akiba. Twaiweka seva moja kati yetu na ghala la mbali. Kompyuta ya kwanza ikiomba taswira, seva huenda kuileta, huikabidhi, na wakati huo huo hujiwekea nakala. Kompyuta ya pili, ya tatu na ya arobaini zikiomba, hupewa ile nakala, na njia ya nje haipitishi mzigo huo tena.

Msomaji mwangalifu atauliza: nitajuaje kuwa nakala ya wakala ni ile ile ya ghalani? Swali hili ni la maana. Taswira hugawanywa katika matabaka, na kila taswira ina hati yake ya shehena inayoyataja matabaka hayo. Kila tabaka, na hati yenyewe, hupewa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwa kanuni iitwayo SHA-256, na alama hiyo ina tarakimu na herufi 64. Yaliyomo yakibadilika hata kidogo, alama hailingani tena, na kompyuta inayopokea huukataa mzigo. Kwa hiyo anayeiomba taswira kwa alama yake hawezi kubambikiziwa nyingine. Anayeiomba kwa lebo tu, mathalan lebo ya «latest», hana kinga hiyo, kwa kuwa lebo ni karatasi iliyobandikwa juu ya mzigo, nayo yaweza kubanduliwa na kubandikwa juu ya mzigo mwingine. Kwa kazi za maana tumieni alama.

Programu ya kazi hii iko, nayo huitwa Distribution. Docker iliitoa mwaka 2021 kwa CNCF, chama kinachotunza programu za aina hii zilizo wazi kwa wote, na toleo lake la 3 lilitoka mwaka 2025. Yenyewe huja kama kontena liitwalo registry, na husikiliza katika mlango wa 5000. Katika faili lake la mipangilio fundi huongeza sehemu ya proxy, na ndani yake huandika remoteurl yenye anwani https://registry-1.docker.io. Akiba iwekwe katika diski iliyo nje ya kontena, la sivyo siku kontena litakapobadilishwa akiba yote itakwenda nalo. Seva ipewe na cheti cha usalama kinachotambuliwa na kompyuta za ofisi. Kisha katika kila kompyuta yenye Docker, faili la /etc/docker/daemon.json huandikwa registry-mirrors pamoja na anwani ya seva yetu, na Docker huanzishwa upya. Jambo hilo la mwisho lifanywe saa ambayo hakuna kazi, maana makontena yanayoendelea huenda yakasimama.

Yapo mambo manne ya kuangaliwa, na la kwanza ndilo limewadanganya wengi. Docker ikishindwa kumpata wakala hailalamiki. Hujiendea yenyewe kwenye ghala la mbali kimya kimya. Fundi akikosea herufi moja ya anwani, taswira zitaendelea kuja, yeye atadhani akiba yafanya kazi, na bili ya intaneti itabaki pale pale. Kwa hiyo asiridhike kwa kuona taswira imefika. Aifute kwenye kompyuta moja, aiombe tena, na asome kumbukumbu za seva kama ombi limepita hapo.

La pili ni nenosiri. Wakala aweza kupewa jina na nenosiri la akaunti ya Docker Hub ili apate kikomo kikubwa zaidi. Lakini kama akaunti hiyo ina taswira za siri, basi kila awezaye kumfikia wakala aweza kuzichukua bila kuulizwa yeye ni nani. Tumemwona mtu akimkabidhi bawabu funguo za nyumba nzima kwa sababu tu alitaka lango lifunguliwe. Ifunguliwe akaunti ya peke yake, isiyo na siri yoyote ndani yake, na wakala asifikike kutoka nje ya ofisi.

La tatu: registry-mirrors ya Docker hutazama Docker Hub tu, na wakala mmoja wa Distribution huhudumia ghala moja la mbali tu. Wenye kompyuta za Kubernetes zinazotumia containerd wana njia pana zaidi: katika /etc/containerd/certs.d kila ghala lapewa saraka yake, na ndani yake faili la hosts.toml lataja wakala wake. Wanaotaka maghala mengi chini ya paa moja, wenye watumiaji na ruhusa mbalimbali, waitazame Harbor, ambayo imekuwa na uwezo huu tangu toleo la 2.1 la mwaka 2020. Ila Harbor ni nyumba kubwa yenye vyumba vingi, na humpa mtunzaji kazi. Tena kwa kawaida majina ya taswira hubadilika kidogo ili yapitie kwake. Ofisi ndogo haina haja nayo.

La nne ni umri wa akiba. Distribution huweka kitu kwa saa 168, yaani siku saba, kisha hukifuta, isipokuwa fundi ameagiza vingine. Lebo ikiombwa, wakala huuliza kwanza ghala la mbali kama imehama. Asipopata jibu hutoa ile aliyo nayo. Hilo ndilo litakalotuokoa siku mkongo utakapokatika, lakini kwa taswira zilizokwisha kuchukuliwa tu, na ambazo siku zake hazijapita. Mwenye diski ya kutosha aziongeze siku hizo.

Wako watakaosema kwamba ghala la mbali ni la kampuni kubwa, halina hofu. Mwezi wa Machi 2023 Docker iliviarifu vikundi vilivyokuwa vikitumia mpango wake wa bure wa timu kwamba mpango huo utafungwa, na kwamba wasiolipa wataondolewa. Watu walipiga kelele, na tarehe 24 ya mwezi huo huo kampuni ikalifuta tangazo lake. Mwaka huo huo Kubernetes nao walihama kutoka ghala lao la zamani, k8s.gcr.io, na tangu tarehe 3 Aprili 2023 taswira mpya hazikuwekwa huko tena. Waliokuwa wameandika anwani ya zamani katika mafaili yao walilazimika kuyapitia yote. Wakala wa akiba hazuii mambo kama hayo, wala hageuki kuwa hazina ya kudumu, maana hawezi kupokea taswira zetu wenyewe. Kwa hizo yahitajika ghala la pili, la kawaida, lisilo wakala. Anachotupa ni siku kadhaa za kupumua, ambapo kazi yaendelea huku mafundi wakirekebisha anwani, na katika siku hizo mtumishi wa zamu ya usiku hatahitaji kuamshwa.