Kansa ya Mlango wa Kizazi: Twende Dar es Salaam au Tumtunze Nyumbani?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo familia za hapa Bahi hulikuta ghafla: mama ameonekana ana kansa ya mlango wa kizazi, daktari ameandika rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ukoo umekaa kikao. Tuuze ng'ombe wangapi? Atapona? Au tunampeleka kuteseka ugenini bure?

Kabla ya kuhesabu ng'ombe, ulizeni ugonjwa umefika hatua gani. Kansa hii ina hatua 4. Ikiwa bado ndogo, upasuaji huweza kuiondoa. Ikiwa imetoka nje ya mlango wa kizazi lakini haijasambaa mbali, kisu peke yake hakitoshi. Hutumika mionzi, na pamoja nayo dawa iitwayo sisplatini, inayotiwa kwa dripu mara moja kwa wiki. Ikiwa imeshafika kwenye mapafu au mifupa, kwa kawaida nia ya tiba si kuponya tena, bali kupunguza maumivu na kutokwa damu. Wengi wetu hufika tumechelewa, baada ya miezi ya mizizi na ya kusema hedhi imerudi uzeeni. Hedhi hairudi uzeeni, akina mama. Damu hiyo ipimwe.

Mionzi ya kuponya hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hivi, kisha hufuata mionzi ya ndani mara chache. Ile ya nje huchukua dakika chache wala haiumi, ni kama kupigwa picha ya eksirei. Shida huja polepole: kuharisha, mkojo kuchoma, uchovu. Hedhi hukoma na mimba haiwezekani tena, hivyo mama kijana na mumewe waelezwe mapema. Dawa ya dripu huleta kichefuchefu na huweza kudhuru figo, ndiyo maana damu hupimwa kwanza.

Je, dawa hiyo kali inaongeza nini? Mwaka 2008 wataalamu waliunganisha matokeo ya majaribio mengi. Kati ya wagonjwa 100 waliopata mionzi peke yake, 60 walikuwa hai baada ya miaka 5. Waliopata mionzi na dawa, 66. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliowahi. Kwa waliofika hatua ya 3 ilikuwa kama watu 3 tu katika 100. Kwa hiyo bibi mwenye figo dhaifu akiambiwa apate mionzi bila dripu, msidhani amenyimwa tiba. Mionzi ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Lakini mionzi isikatwe katikati. Tiba yote yafaa imalizike ndani ya wiki 8, kwani kansa hupata nguvu mgonjwa anapoondoka na kurudi. Wapo wanaorudi nyumbani wiki ya tatu kwa sababu fedha zimekwisha au mpunga umeiva. Nauli si tatizo kubwa kama malazi na chakula cha mgonjwa na wa kumsindikiza, na treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imepunguza uchovu wa safari. Mwoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuuza mfugo wowote, mwulize gharama zipi zaweza kusamehewa.

Sasa niseme linaloniudhi. Wanaume huamua chini ya mti, na mgonjwa yuko ndani hajaulizwa. Nilimwuliza bibi mmoja wodini, “Bibi, umeelezwa nini?” Akajibu, “Naambiwa ni uvimbe tu, mwanangu. Lakini naona wanavyoniangalia.” Alikuwa anajua. Alipoelezwa ukweli, alichagua mionzi ya siku chache ya kupunguza damu, kisha arudi kwa wajukuu wake. Mwanawe mkubwa alitaka apewe kila kitu. Walibishana siku mbili, kijana akalia, akakubali.

Wengine huniuliza kama kukataa matibabu makali ni dhambi. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaeleza madaktari kwamba mtu hulazimika kutumia njia za kawaida za kutunza uhai, si zile zinazomlemea mno yeye au wengine. Lakini mama mwenye nafasi nzuri ya kupona asikatishwe tamaa na majirani kwa maneno kwamba mionzi inaua. Huyo asafiri upesi.

Anayebaki nyumbani naye ana matibabu yake. Morfini ya kunywa huandikwa na daktari, na hutolewa kila baada ya saa 4 bila kusubiri maumivu yarudi. Msiogope kwamba atakuwa mlevi wa dawa. Hufunga choo, basi ombeni na dawa ya kulainisha. Harufu mbaya ya uchafu unaotoka ukeni, ambayo huwafanya akina mama wengi wajifiche hata kwa wakwe zao, huweza kupunguzwa kwa vidonge vya metronidazo. Mwulizeni mwuguzi namna ya kuvitumia.