Mvinyo mwekundu Timboroa: Usiuhukumu ungali baridi

WANAOONJA mvinyo mwekundu nyumbani huambiwa waunywe ukiwa na joto la chumbani. Huko Timboroa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, ushauri huo huenda ukawapotosha.

Kinachokusudiwa ni nyuzi 16 hadi 18 hivi, joto la vyumba vya Ulaya ya zamani. Lakini kituo cha reli cha Timboroa kimo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na chumba kisicho na moto huweza kuwa na baridi kali usiku.

Baridi hiyo huficha harufu ya zabibu na kuuzidisha ukakasi. Ukakasi huo hutokana na tanini iliyomo katika maganda na kokwa, na hukausha ulimi kama chai ya rangi iliyoachwa na majani yake kutwa nzima. Mnunuzi aliyetumia pesa zake hudhani ameuziwa mvinyo mbovu, ilhali chupa haina kosa. Mwenzake wa Mombasa ana shida iliyo kinyume: kwake ni joto linalofanya kileo kichome pua, na dakika 20 ndani ya friji humfaa.

Kwa mkazi wa Timboroa, yatosha kuiacha chupa kwa saa mbili katika chumba chenye jiko, mbali na moto wenyewe. Mwenye haraka aitie katika maji vuguvugu, si ya moto.

Mvinyo wa mchanganyiko hutengenezwa kwa zabibu za aina kadha. Huko Bordeaux, Ufaransa, Cabernet Sauvignon huupa nguvu na ukakasi, nayo Merlot huulainisha. Afrika Kusini huongeza Pinotage, aina iliyozalishwa mwaka wa 1925 na Profesa Abraham Perold. Isitoshe, sheria ya nchi hiyo huruhusu chupa kubeba jina la zabibu moja mradi iwe asilimia 85, hivyo hata yenye jina moja yaweza kuwa mchanganyiko.

Kwa hivyo, anayeutathmini asihangaike kubahatisha majina. Kwanza ahakikishe chupa ina stempu ya KRA. Kisha ajaze theluthi ya glasi, atazame rangi mbele ya karatasi nyeupe, aizungushe na kunusa kabla ya kuonja. Swali kuu ni iwapo utamu wa matunda, uchachu na ukakasi vimepatana, au kimoja kinavimeza vingine.

Aandike maoni yake papo hapo, kisha aonje tena pamoja na nyama choma. Chumvi na mafuta hupunguza ukakasi, na mvinyo uliokuwa mkali waweza kugeuka mtulivu.

Usiomalizika urudishiwe kizibo. Hapo baridi ya Timboroa ina faida, kwani huchelewesha mvinyo kugeuka siki, na kesho yake waweza kuonjwa upya.