Kutoka Jerusalem hadi Jericho: Visa vya Biblia katika Riwaya ya Kisasa

Kijana wa Eastlands, Nairobi, hahitaji ramani ya Nchi Takatifu ili kuufuata mfano wa Msamaria Mwema. Mitaa ya Jerusalem na Jericho imepakana. Safari iliyomtia yule msafiri mikononi mwa wanyang'anyi huku kwetu ni mwendo wa miguu. Si ajabu basi kwamba vijana wanaotunga hadithi za Kikristo hupenda kuvihamishia visa vya Biblia mtaani. Tatizo huzuka mtahiniwa anapotakiwa kuhakiki kazi za aina hii. Aghalabu huorodhesha yanayofanana: huyu ni Yusufu, yule ni Farao, basi. Huko ni kuutambua mwingilianomatini, si kuuhakiki. Uzito wa usimulizi mpya hukaa pale mwandishi alipoachana na andiko la awali.

Mfano bora, ingawa haukuandikiwa vijana wa kanisa, ni Shetani Msalabani (1982) ya Ngugi wa Thiong'o, iliyotoka kwanza kwa Kikuyu mwaka 1980. Wariinga anafurushwa kutoka nyumba ya kupanga huko Ofafa Jericho na mwenye nyumba aliyeandamana na wahuni. Baadaye, ndani ya matatu ya Mwaura, tunakutana na Wangari asiye na nauli. Wanaomchangia ni abiria wenzake, Wariinga akiwemo. Mimi humwona Msamaria hapo: aliyenyang'anywa ndiye anayesaidia.

Kisha lipo pango la Ilmorog, ambamo wezi wanashindania ubingwa wa wizi. Kiongozi wa sherehe anafungua kwa mfano wa talanta. Katika Mathayo 25 watumwa watatu wanapewa talanta 5, 2 na 1. Hapa ni shilingi 500,000, 200,000 na 100,000. Uwiano haukubadilika. Mtahiniwa akikomea hapo amefanya nusu ya kazi, tena ile rahisi. Bwana mwenye mali sasa ni mkoloni anayefunga virago. Mtumwa wa tatu, ambaye katika Injili ni mvivu, hapa ndiye pekee aliyeng'amua kwamba fedha hazizai bila jasho la mfanyakazi, na anaadhibiwa kwa kusema hivyo. Na msimulizi je? Yu upande wa wezi. Kinaya kinatokana na kinywa kinachosimulia.

Katika fasihi simulizi tunafunza kwamba mbazi ni hadithi ya kumkanya msikilizaji. Hapa ndipo hadithi nyingi za vijana huteleza. Msamaria wao huwa mtu aliyeokoka, wa kanisa moja na majeruhi, mwenye gari. Lakini Wayahudi waliwadharau Wasamaria. Mfano ule uliwachoma waliousikia. Ukiuleta Barabara ya Rabai, anayeinama kumwinua majeruhi sharti awe mtu ambaye msomaji hangependa kuketi karibu naye: makanga mlevi, chokoraa mwenye chupa ya gundi, labda mgeni asiye na kitambulisho.

Mwalimu mwenzangu, wape wanafunzi zoezi hilo. Wengi watamchora kasisi anayepita kando kuwa katili. Mrudishie mwanafunzi karatasi, aandike upya, kasisi akiwa na sababu ambayo hata msomaji angeikubali: ibada inaanza saa tatu, waumini wanangoja, na kanzu ni moja tu.