Likizo Kubwa: Nyumba, Wageni na Baiskeli

Hapa Lubumbashi mvua inaanza kurudi mwezi wa kumi. Mwezi wa saba na wa nane, watoto wakiwa nyumbani, ndio wakati wa kuziba mabati yanayovuja na kukausha matofali ya udongo wa kichuguu. Lakini wageni pia wanafika wakati huo huo. Feza ya sementi inaishia katika unga na samaki, na mvua inakuta nyumba vilevile. Basi mabati kwanza, hata kama shangazi atalala kwenye mkeka. Na shemeji mwenye nguvu, siku ya tatu apewe koleo!

Tena kuna baiskeli. Kaka anaipanda kuleta mchanga; dada anabeba bidoni ya maji kichwani. Kwa nini? Shusheni kiti mpaka miguu yake miwili iguse chini, mpelekeni mahali tambarare, ajisukume kwa miguu kwanza, kisha akanyage pedali. Jirani atasema ni aibu. Aseme. Shule zikifunguliwa mwezi wa tisa, watoto watagawana baiskeli: asubuhi dada, mchana kaka.