Aliyekubali Mmoja, Walioandikwa Mia

Kuna ujumbe ambao watu wengi nchini Kenya wameupokea katika miaka ya karibuni bila kujua umetokea wapi. Unamtaja mtu wanayemfahamu, pengine mfanyakazi mwenzao, shemeji yao au kijana aliyewahi kuwatengenezea bomba, kisha unasema ana deni, amegoma kulipa, na mpokeaji amhimize alipe kabla hatua hazijachukuliwa. Aliyeupokea hajakopa. Hajamdhamini mtu. Jina la kampuni inayodai ndiyo kwanza analisikia. Lakini kampuni inayo namba yake, na inajua kwamba kwenye simu ya mdaiwa alihifadhiwa kama "Mama Kevin", "Boss" au "Fundi Bomba".

Njia iliyotumika haikuwa ya kijasusi. Mkopaji alipakua programu ya mikopo usiku, pengine akitafuta elfu mbili za kumvusha hadi mwisho wa wiki. Programu ikamwuliza kama anairuhusu isome namba zilizomo kwenye simu yake, na jumbe, na mahali alipo. Akabonyeza "Ruhusu" mara tatu, maana bila kubonyeza hakuna mkopo. Baada ya sekunde chache namba zote zilikuwa zimenakiliwa kwenye kompyuta za mkopeshaji. Benki hudai hati ya shamba au kadi ya gari. Wakopeshaji hawa walichukua aibu kuwa dhamana, na aibu ina thamani pale tu unapojua mkopaji anamwonea aibu nani.

Habari za aina hii huelezwa kama madhila ya mkopaji, na ni kweli amedhulumiwa. Lakini yeye angalau aliulizwa, hata kama swali lenyewe lilikuwa la hila. Mama Kevin hakuulizwa na mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, iliyotiwa saini Novemba 2019, ina jibu bora kwa Mama Kevin kuliko watu wengi wanavyodhani. Kifungu cha 28 kinamtaka anayekusanya taarifa za mtu azichukue kwa mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kifungu cha 51 nacho kinaziacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani, kwa hiyo hakuna atakayekushtaki kwa kuhifadhi namba ya shangazi yako. Ukivisoma vifungu hivyo viwili pamoja, mpaka unaonekana. Namba ya shangazi ikiwa kwenye simu yako ni mambo ya ukoo. Namba hiyohiyo ikishaingia kwenye kompyuta ya kampuni, kampuni inawajibika kwa shangazi mwenyewe, na idhini yako wewe mpwa haitoshi kuwa kinga.

Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, inayoongozwa na Immaculate Kassait tangu mwishoni mwa 2020, iliuma mara kadhaa mwaka 2023. Aprili mwaka huo kampuni ya mikopo ya Whitepath ilitozwa shilingi milioni 5 za Kenya baada ya malalamiko yaliyokaribia 150. Septemba ikawa zamu ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za KeCredit na Faircash: shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho. Siku hiyohiyo ya Septemba yalitangazwa maamuzi mengine mawili ambayo kwa juujuu hayahusiani na mikopo hata kidogo. Klabu ya Casa Vera ya Nairobi iliamriwa kulipa 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule ya Roma ya Uthiru ikapigwa faini kubwa kuliko zote tatu, 4,550,000, kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila kibali cha wazazi.

Mambo haya, hata hivyo, yana ukoo mmoja. Aliyeanikwa hakuwa na nafasi ya kusema hapana. Mteja wa klabu hakujaza fomu yoyote mlangoni, na mtoto wa darasa la pili hata angejaza isingehesabika.

Anayedhani huu ni ushamba wa vikampuni vya mikopo atazame jinsi wakubwa wa dunia walivyofanya vivyo hivyo. Juni 2013 Facebook ilikiri kwamba hitilafu ilikuwa imefichua namba za simu na anwani za barua pepe za watu wapatao milioni 6. Kilichowashangaza wengi ni kwamba baadhi ya namba hizo wenyewe hawakuwahi kuiandikia Facebook. Zilitoka kwenye simu za marafiki waliokubali mtandao huo usome orodha zao "ili kuwatafutia watu wanaowafahamu".

WhatsApp ilijaribu kuwa makini zaidi. Ikikuta kwenye simu yako namba ya mtu asiyekuwa mteja wake, ilisema huigeuza kuwa msimbo usiosomeka na kuifuta namba yenyewe. Wadhibiti wa Ulaya hawakuridhika. Septemba 2021 mamlaka ya Ireland iliitoza kampuni hiyo yuro milioni 225, na miongoni mwa sababu ni kwamba msimbo ule nao ulihesabiwa kuwa taarifa binafsi, na kwamba wenye namba hawakuwa wameelezwa ipasavyo kinachofanyika. Hoja ya wadhibiti si ya kinadharia. Namba ya simu ya Kenya, ukiondoa +254, ina tarakimu 9 tu. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzipitisha zote kwenye kanuni ileile ya kugeuzia, kisha ikalinganisha misimbo mmoja baada ya mwingine. Nenosiri refu halikubali mchezo huo, namba ya simu hukubali. WhatsApp ilikata rufaa.

Mfano uliovuma kuliko yote ni wa Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa iliyojipatia taarifa za watumiaji wa Facebook. Watu wapatao 270,000 walijaza dodoso la kupima haiba zao kwenye programu iliyotengenezwa na Aleksandr Kogan, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Wakati huo Facebook iliruhusu programu ya namna hiyo ichote taarifa za marafiki wa mjazaji pia. Baada ya siri kufumuka Machi 2018, Facebook yenyewe ilikadiria kuwa walioguswa walifika hata milioni 87. Piga hesabu: kila aliyekubali aliwabeba wengine zaidi ya 300. Jina la kampuni hiyo halikuwa geni Kenya, kwani mmoja wa wakubwa wake alinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 akijigamba kwamba waliendesha kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017. Chama cha Kenyatta, Jubilee, kilikiri kuitumia kampuni mama, SCL, lakini kwa kazi ya kujitangaza tu.

Kuna taarifa ambazo mtu hawezi kuzitoa peke yake hata akitaka. Vinasaba ni mojawapo. Mwaka 2023 wezi waliingia kwenye akaunti zipatazo 14,000 za kampuni ya Marekani ya 23andMe, inayopima mate na kumweleza mteja asili yake. Hawakuvunja mitambo ya kampuni. Walichukua manenosiri yaliyovuja kwenye tovuti nyingine wakayajaribu hapa, wakijua watu wengi hutumia nenosiri moja kila mahali. Kwa kuwa huduma hiyo huwaunganisha wateja na jamaa zao wa mbali, akaunti hizo 14,000 ziliwafungulia taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Ndipo kampuni ikawalazimisha wateja wote kuthibitisha utambulisho kwa hatua mbili, jambo ambalo lingepaswa kuwapo tangu siku ya kwanza. Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mufilisi, na maofisa wa majimbo kadhaa ya Marekani wakawahimiza wateja wafute data zao kabla kampuni haijauzwa. Mteja aweza kufuta yake. Ya binamu yake, ambayo kwa sehemu ni yake pia, haiko chini ya mamlaka yake.

Je, kuna aliyejirekebisha? Google ilipiga hatua yenye manufaa kuliko hotuba nyingi: kuanzia 31 Mei 2023 ilipiga marufuku programu za mikopo zilizomo kwenye duka lake kusoma namba na picha za mteja. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zilikuwa tayari zimewakataza wakopeshaji wa mtandaoni kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Nchini Tanzania, ambako mikopo ya riba za kuua ina jina lake mtaani, kausha damu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Novemba mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Lakini programu iliyofukuzwa dukani hubadili jina ikarudi, au husambazwa kwa kiungo cha WhatsApp pasipo duka lolote.

Adhabu nazo zina kasoro yake. Chini ya sheria ya Kenya, faini ya kamishna ina kikomo cha shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, na kati ya hivyo viwili huchukuliwa kilicho kidogo. Umoja wa Ulaya uliandika kinyume: yuro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, na huchukuliwa kilicho kikubwa. Kwa mkopeshaji anayezungusha mamilioni kila wiki, milioni 5 yaweza kuingizwa kwenye daftari kama gharama nyingine ya biashara, pembeni ya kodi ya ofisi na umeme.

Mama Kevin, hata hivyo, ana haki ya kulalamika, na hahitaji kuwa mteja wa kampuni iliyomsumbua. Sheria inampa kamishna siku 90 za kuchunguza lalamiko na kulitolea uamuzi, na tangu 2023 yameshatolewa maamuzi ambamo aliyelipwa fidia ni mtu ambaye hakuwa amekopa hata senti. Atakachohitaji ni ule ujumbe wenyewe, kwa hiyo asiufute kwa hasira.